Treni Ndogo za Mvuke: Kazi Inayowafaa Mafundi wa Mweru

Mkoa wa Luapula, Zambia, hauna hata kilomita moja ya reli. Samaki wa Nchelenge na Kashikishi, kwenye ufukwe wa Ziwa Mweru, hupanda malori hadi Mansa, huvuka daraja la Chembe na kupita Kongo kuingia Copperbelt. Wengine huvushwa ziwani moja kwa moja hadi Kongo. Hata hivyo, ufukwe huu una watu wanaoweza kula kutokana na kazi ya kuunda, kupaka rangi na kukarabati vichwa vidogo vya treni za mvuke. Nasema hivyo kwa sababu ya mahali fedha ya kazi hiyo inakotoka.

Wanunuzi wako Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia. Ni watu waliotandika reli kwenye bustani za nyumba zao, nyingi zikiwa na upana wa milimita 45. Kipimo hicho kilienezwa na treni za umeme za LGB, zilizoanza kuuzwa mwaka 1968 na kampuni ya Lehmann ya Nuremberg. Kwenye reli hizohizo hupita pia vichwa vya mvuke halisi: boila ya shaba inayochemshwa kwa gesi, pistoni zikisukumwa kama za treni kubwa. Kampuni ya Roundhouse ya Doncaster, Uingereza, imekuwa ikiviunda tangu 1982, na kimoja kipya huuzwa zaidi ya pauni 1,000.

Ukitazama upande wa viwanda peke yake, biashara hii inatisha. Lehmann ilifilisika mwaka 2006. Kampuni ya Märklin ikainunua LGB, nayo ikaangukia ufilisi mwaka 2009. Lakini treni zenyewe hazikufa. Kichwa cha shaba na chuma hudumu miongo mingi, hurithiwa, huuzwa mnadani, na kila anayekipata hutafuta mtu wa kukifufua. Kwa maoni yangu fedha ya uhakika iko hapo: kwenye vipuri, rangi na ukarabati.

Kinachochoka kwanza ni pete za mpira zinazozuia mvuke kuvuja kwenye pistoni na valvu. Zikikauka, treni hupiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Kuna tundu la kichomeo cha gesi, jembamba kiasi kwamba punje moja ya uchafu hulifunga. Kuna mwenye treni aliyezoea kutia maji ya bomba yenye chokaa, hadi boila ikaota utando ndani. Kuna aliyesahau mafuta ya silinda. Mengi ya matatizo haya huondoka kwa spana ndogo, msasa, na mkono uliozoea kufungua injini ya boti na kuirudisha bila kubakiza nati mezani.

Boila ni jambo jingine, na hapa sitaki mtu adanganyike. Viungo vyake hulehemiwa kwa risasi ya fedha, inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600, kwa sababu risasi ya kawaida italegea maji yakikauka ndani. Boila mpya hujazwa maji baridi na kusukumwa hadi mara mbili ya presha yake ya kazi. Hutumika maji baridi kwa kuwa kiungo kikiachia, maji huchuruzika tu, lakini mvuke huunguza mtu. Asiye na pampu ya kupimia na geji ya kuaminika asiuze boila.

Ndiyo maana ningewashauri mafundi wa Kashikishi waanze na rangi na mabehewa. Fundi bati anayekata na kukunja jiko la mkaa bila kupoteza bati anaweza kukunja paa la behewa. Mwandishi wa mabango ya maduka ana mkono wa kuvuta mstari mwembamba wa dhahabu ubavuni mwa kichwa cha treni, kazi ambayo wengi wenye reli za bustani huilipia kwa sababu mikono yao haiiwezi. Shaba lazima ioshwe mafuta yote na kukwaruzwa, ipakwe rangi ya msingi inayong'ata shaba, kisha matabaka membamba yapuliziwe mahali pasipo vumbi. Sehemu ya mbele inakopita moshi hutaka rangi inayostahimili joto.

Muda pia upo. Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Ni miezi ya shamba kwa wengi, lakini kwa anayeishi kwa kutengeneza boti na injini ni miezi ya mfuko mtupu.

Cha kuiga na kuuza kiko karibu nasi. Vichwa vya daraja la 59 vya Reli za Afrika Mashariki, 34 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, vilikuwa vichwa vikubwa kuliko vyote vya mvuke kwenye reli ya upana wa mita moja duniani. Vilibeba majina ya milima. Mount Gelai bado kimesimama kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi na rangi yake ya damu ya mzee. Ukikigawa kwa 22.5, urefu wake unakuwa kama mita 1.4, na reli ya mita moja inaangukia karibu kabisa na milimita 45. Reli ya Zambia, yenye upana wa milimita 1,067, inafaa ukigawa kwa 24. Livingstone ina makumbusho yake ya reli, ambako fundi anaweza kupima behewa halisi kwa utepe na kupiga picha kila ribiti. Mnunuzi wa Ulaya hana nafasi hiyo.

Magurudumu na viunganishi vinunuliwe nje, angalau mwanzoni, kwa sababu kosa la nusu milimita huangusha treni na bila mashine ya kukereza huwezi kulikwepa. Bati, mbao, nyaya za shaba na rangi vitoke hapahapa Zambia. Behewa lililokamilika lina kilo chache. Linaweza kupanda lori la chisense, samaki wadogo wa ziwani, hadi Ndola na kuendelea kwa ndege. Malipo ya nusu yadaiwe kabla ya kukata bati la kwanza.