Kwa Nini Banda Lisijengwe Mpakani?

Mji wa Mkoani, bandari ya kusini mwa kisiwa cha Pemba, umekaa juu ya mteremko unaoshukia baharini. Mwenye nyumba akitaka kuongeza jiko la nje au banda la kuku, mara nyingi nafasi iliyobaki huwa ukingoni mwa kiwanja. Akiambiwa asogee ndani, huona amenyang'anywa haki yake. Yafaa basi tueleze sababu za kisayansi za kanuni hiyo.

Sababu ya kwanza ni maji. Tuchukue banda lenye paa la bati linaloinamia upande mmoja, urefu wake mita 6 na upana mita 4. Eneo lake ni mita 24 za mraba. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo humwaga lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200. Maji yote hayo huanguka katika mstari mmoja chini ya upenu. Upenu ukifika mpakani, mwenye kuyapokea ni jirani. Na kama yuko upande wa chini, msingi wake huchimbika na ukuta wa udongo hulainika. Kwa hiyo anayepima nafasi asisahau upenu akahesabu ukuta tu.

Sababu ya pili ni moto. Joto la moto husafiri kwa mnururisho, kama joto la jua linavyotufikia. Chanzo kikiwa kidogo, umbali ukiongezwa mara mbili, joto linalopokelewa hupungua hadi robo. Makuti makavu, tena, hushika moto kwa cheche moja inayopeperushwa na upepo.

Msomaji atauliza: mbona nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zimebanana? Kuta zake ni nene, za mawe na chokaa, na hukawiza moto. Hata London, baada ya moto wa 1666, sheria ya 1667 iliamuru kuta za matofali au mawe. Pasipo ukuta wa namna hiyo, kinga iliyobaki ni nafasi.

Kibali cha ujenzi ndicho kinachowezesha mambo haya kukaguliwa katika ramani, kabla ya saruji kukauka na ujirani kuharibika.

Wanafunzi na wapime paa moja la shule yao, wakokotoe lita zake, kisha watazame maji hayo yanaelekea kwa nani.