Mjane na Miti ya Kakao

Mwaka 1978 mtafiti wa Kimarekani Diana Pearce alionya kwamba umaskini nchini mwake ulizidi kuwaelemea wanawake. Katika nchi nyingi tajiri mambo bado ni hayo: mama anayelea watoto peke yake ana mshahara mmoja, mara nyingi mdogo kuliko wa mwanamume, na malipo ya kulelewa mtoto awapo kazini yanaula. Sweden na Denmark zimepunguza makali kwa kuchangia malezi hayo kutoka hazina ya serikali.

Wilayani Kyela, Tanzania, wenye mshahara ni wachache. Kuna mpunga, kakao na michikichi.

Mpunga ni wa msimu: mama akikodi jaruba, mwaka huohuo atavuna. Kakao hukaa shambani miongo, na aliyeipanda ni kama ameweka mpaka. Ndiyo maana mume akifa ndugu hawagombanii jembe, wanagombania miti. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, zinamtaka mjane atunzwe na watoto wake, si arithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Zote zimo vitabuni. Kwenye kikao cha ukoo husikika zaidi ile ya kwanza.

Hata aliyebakiwa na miti ana shida nyingine, ambayo kwangu ni kubwa kuliko inavyotajwa: hawezi kusubiri. Kakao huvundikwa karibu wiki nzima, huanikwa siku kadhaa, kisha hupelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, kungoja mnada. Penye watu wazima wawili, mmoja huenda Ziwa Nyasa kuvua usipa au mpakani Kasumulu kubeba mizigo, mwingine akabaki kugeuza kakao juani. Aliye peke yake, mvua imetanda na mtoto ana homa, humuuzia mlanguzi ikiwa mbichi, kwa bei atakayopewa. Hapo ndipo anapofanana na mama wa Chicago anayelea watoto peke yake: kazi mbili, mikono miwili.

Lakini wapenda takwimu wawe waangalifu. Dodoso huita “kaya inayoongozwa na mwanamke” nyumba ya mjane, na pengine hata ya mke ambaye mumewe yuko Tunduma na humtumia fedha kwa simu. Hali hii si ngeni: enzi za ukoloni wanaume wa Kinyakyusa, wenyeji wa Kyela, walikwenda kuchimba dhahabu katika machimbo ya Lupa, wengine hadi Afrika Kusini. Ukizichanganya nyumba hizo, wastani unaweza kuonyesha nafuu ambayo mjane hajaiona.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Ni msaada wa kweli. Ila mkopo huo hauondoi jina la shemeji kwenye shamba. Hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina mawili, la mume na la mke, iliyochukuliwa wote wakiwa hai, ingemlinda mjane zaidi.