Picha ya Mmaasai Isiyo na Seng'enge

Ingia hoteli yoyote kuanzia Malindi hadi Diani, au pita kwenye maduka ya vinyago pale karibu na Fort Jesus, hukosi kuiona: nyika ya rangi ya dhahabu, mgunga mmoja, jua linazama, na Mmaasai mwenye shuka nyekundu ameegemea fimbo akitazama ng'ombe wake. Watalii huinunua. Nasi huinunua, tukaitundika sebuleni.

Sina ugomvi na mchoraji, naye anatafuta riziki. Lakini picha ya aina hii huficha, na kuficha huko hakukuanza kwetu. Mwaka 1821 Mwingereza John Constable alichora gari la farasi likivuka mto huko Suffolk, mandhari yametulia kama usingizi wa alasiri. Mwaka uliofuata, katika jimbo hilohilo, vibarua wa mashamba walikuwa wakivunja mashine za kupura nafaka kwa kukosa kazi na ujira. Kabla yake, mnamo 1750, Thomas Gainsborough alimchora bwana mmoja na mkewe kando ya shamba lao. Miganda ya ngano imepangwa vizuri, aliyeivuna hayumo. Enzi hizo Bunge la Uingereza lilikuwa likipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia ua malisho ya pamoja ya wanavijiji. Wanunuzi wa picha walikuwa matajiri, na tajiri hatundiki malalamiko ukutani.

Sasa njoo Kajiado. Ukitoka Athi River kuelekea Namanga unaipita Kitengela: maghorofa, malori ya mawe, mabango ya ploti. Nyika ya kwenye picha ilikuwa hapa. Sheria ya 1968 iliwaruhusu wafugaji kumiliki ardhi kama ranchi za kikundi. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, kila mwanachama na kipande chake. Hati ikishapatikana, kuuza ni rahisi, hasa ukame ukiua mifugo kama ule wa 2009. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu wapatao 58,000 katika mji wa Kitengela. Ile ya 2019, zaidi ya 150,000. Wapo wenzetu wa Pwani miongoni mwa walionunua, tusijitoe.

Mfugaji hategemei ekari zake peke yake. Mvua ya Kajiado hunyesha huku ikaruka kule, na ng'ombe huifuata. Seng'enge moja utaizunguka. Zikiwa kumi, umefungiwa. Nyumbu nao walikuwa wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi msimu wa mvua kwenda kuzaa kwenye nyanda za kusini. Miaka ya 1970 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, leo wamebaki wachache mno. Katika picha hizi za hotelini sijaona hata moja yenye seng'enge.

Hapo ndipo ninapoiona hatari yake. Picha inamwambia mnunuzi wa ploti, na hata ofisa wa mipango, kwamba ardhi ile ni tupu na mwenyewe ametosheka. Aliyetosheka haulizwi. Sisi tunalijua hilo: ukuta wa pili wa hoteli hiyohiyo una jahazi na mnazi, lakini hauna mvuvi aliyefika bandarini akakuta njia ya kushukia ufukweni imezibwa kwa ukuta wa ploti.

Kulikuwa na jaribio moja la kuibakisha nyika ile wazi. Kuanzia mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka, ili wasijenge ua, wasichimbe mawe, wasiuze. Malipo yalipangwa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa, maana karo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa yakiwasukuma kuuza.