Kiwewe na Maneno Madogo

Kiwewe huacha alama katika usemi hata pale msemaji asipogusia yaliyomkuta. Alama hizo si lazima ziwe maneno mazito kama kifo, damu au hofu. Mara nyingi zimo katika vitu ambavyo hakuna anayevichagua kwa makusudi: nafsi, njeo, viunganishi. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na wenzake waliunda programu ya kompyuta inayohesabu maneno ya aina hiyo.

Mfano mzuri ni mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani. Pennebaker na wenzake walichambua shajara ambazo watu zaidi ya 1,000 waliandika mtandaoni miezi miwili kabla na miwili baada ya siku ile. Maneno ya hisia mbaya yalipanda ghafla, yakarudi kawaida baada ya wiki mbili hivi. Kilichodumu zaidi ni umbali: waandishi walipunguza kusema “mimi”, kana kwamba wamejitoa kwenye habari yao wenyewe.

Hao walikuwa wananchi wa kawaida. Kwa waliofika World Trade Center kuokoa na kusaidia, mambo yalikuwa mengine. Utafiti wa mwaka 2021 ulichambua mahojiano ya watu 124 wa kundi hilo. Waliojitaja sana kwa nafsi ya umoja, “mimi”, na wenye lugha ya sonona, walikuwa na dalili kali zaidi za kiwewe. Lugha ya wasiwasi iliashiria kuzidiwa baadaye, ilhali waliosema zaidi “sisi” walielekea kupata nafuu.

Njeo nayo husema. Msimulizi huanza, “Tulikuwa ghorofani, tukasikia kishindo,” kisha ghafla, “Moshi unaingia, sioni mlango.” Hapo tukio halisimuliwi tena, linarudi pamoja na sauti, harufu na joto lake. Ni kweli kwamba hata mtambaji hodari hubadili njeo ili kunogesha hadithi, lakini yeye huishika na kuiachia apendavyo. Mwenye kiwewe hukatika katikati ya sentensi, akapoteza mpangilio.

Vipimo vilivyotajwa vilifanywa kwa Kiingereza, na haviwezi kuhamishiwa Kiswahili kama vilivyo. Nafsi ya Kiswahili imo ndani ya kitenzi, kwa hiyo programu inayotafuta “mimi” peke yake itaikosa karibu yote. Tena wapo wengi ambao hawatasema wana huzuni. Watasema wana mawazo, kichwa kinauma, moyo unaenda mbio.

Zaidi ya hayo, hesabu za maneno huonyesha mwelekeo wa kundi, si ugonjwa wa mtu mmoja. Haifai kumpachika jirani maradhi kwa sababu anajitaja mno. Lakini ndoto za kutisha, kushtukashtuka, kukwepa mahali au habari za tukio na kulirudia akilini bila kutaka zikipita mwezi mmoja, mhusika apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.