Je, Wajua? Kumbukumbu Tele, Nafasi Hakuna

Je, wajua kwamba kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inaweza kukosa kipande kimoja kizima cha megabaiti 2, ilhali karibu kumbukumbu yote iko wazi? Katika kompyuta nyingi, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, huigawa kumbukumbu kwa kurasa za baiti 4,096. Megabaiti 2 ni kurasa 512 zinazofuatana, na gigabaiti 8 zina vipande 4,096 vya ukubwa huo. Ukikaliwa ukurasa mmoja tu katika kila kipande, hakibaki hata kimoja kizima. Kurasa hizo zilizokaliwa, ukizijumlisha zote, hazizidi megabaiti 16! Ni kama basi lenye abiria mmoja katika kila safu: viti vitupu ni vingi, lakini familia inayotaka safu nzima haipati.

Programu za kawaida haziumii sana, kwa kuwa prosesa huzitafsiria anwani. Zenyewe huona mfululizo ulionyooka hata kurasa zake zikiwa zimetapakaa. Wanaoumia ni wale wanaohitaji mfululizo wa kweli, kama vile kerneli katika baadhi ya kazi zake na vifaa vinavyoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu.

Je, wajua kwamba mbinu ya Linux ya kugawa kurasa hizo ina umri wa miaka zaidi ya 60, na aliyeitumia kwanza alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi? Harry Markowitz wa Marekani aliitumia mwaka 1963 katika lugha ya SIMSCRIPT. Nobel aliipata mwaka 1990 kwa kazi nyingine kabisa. Kenneth Knowlton wa Bell Labs aliibuni kivyake na kuichapisha mwaka 1965. Vipande huwa vya kurasa 1, 2, 4, 8, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Kidogo kikikosekana, kikubwa hupasuliwa nusu kwa nusu, na nusu hizo huwa mapacha. Wote wawili wakiachwa huru, huunganishwa tena.

Uzuri wake uko katika kumpata pacha. Hakuna haja ya kutafuta popote. Kipande cha kurasa 4 kinachoanzia ukurasa wa 8, pacha wake huanzia wa 12. Na wa 12, pacha wake ni wa 8. Kinachogeuzwa ni biti moja tu ya namba. Sijui hesabu nyingine fupi hivyo inayofanya kazi kubwa hivyo ndani ya kompyuta.

Lakini pacha mmoja akishikiliwa, mwenzake hana wa kuungana naye. Kurasa za programu zinaweza kuhamishwa: kerneli hunakili yaliyomo, hurekebisha jedwali la anwani, na programu haihisi kitu. Kurasa nyingi za kerneli yenyewe hazihamishiki, kwa sababu anwani zake zimefungamana na mahali zilipo. Ukurasa mmoja wa namna hiyo ukitua katikati ya eneo safi, unaweza kuliharibu kwa miezi.

Mel Gorman wa Ireland ndiye aliyelishughulikia jambo hili kwa kina. Kazi yake, iliyoingia katika Linux 2.6.24 mwanzoni mwa 2008, hutenga kurasa tangu zinapotolewa: zisizohamishika upande wake, zinazoweza kurudishwa upande wake, zinazohamishika upande wake. Kwangu hii ndiyo hatua yenye busara kuliko zote, maana inazuia kabla ya kutibu. Tiba ilifuata mwaka 2010 katika toleo la 2.6.35. Ndani ya kerneli, mchunguzi mmoja huanzia chini ya kumbukumbu akikusanya kurasa zinazohamishika, mwingine huanzia juu akitafuta nafasi tupu za kuzihamishia, na kazi huisha wakikutana.

Je, wajua kwamba kamera ya simu inaweza kuwa na eneo lake la kumbukumbu ambalo huazimwa ikiwa imelala? Tangu Linux 3.5 ya mwaka 2012, eneo hilo hukaliwa na kurasa zinazohamishika tu. Kamera ikifunguliwa, wapangaji huondolewa.

Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kujionea hali yake kwa kusoma faili la /proc/buddyinfo. Baada ya jina la eneo, safuwima ya kwanza kushoto huhesabu vipande huru vya ukurasa mmoja, inayofuata vya kurasa mbili, kisha nne. Mashine ikikaa muda mrefu bila kuzimwa, mara nyingi namba za kushoto hunenepa huku za kulia zikielekea sifuri.