Sukari Ikishuka kwa Mzee, Pima Figo

Kila wiki ya kliniki swali ni lile lile, liwe limeletwa na binti wa Maneromango au na mzee wa Mlandizi: "Daktari, tangu aanze mwarobaini sukari imeshuka. Sasa aache dawa?"

Mnasifu mti kabla ya kuuliza figo. Mtu aliyeishi na kisukari miaka 15, amefika 70, kisha sukari ikaanza kushuka bila dawa kuongezwa, figo zake zitiliwe shaka kwanza. Ndizo zinazoondoa mwilini sehemu kubwa ya insulini na ya vidonge vingi. Zikichoka, kidonge cha asubuhi huendelea kufanya kazi hadi usiku wa manane, na mzee mwenyewe amekula matonge mawili akasema ameshiba. Nyumbani mnashangilia kupona wakati mgonjwa anazidi kuzama.

Imani iliyo nyuma ya swali hili ni kwamba uchungu huua utamu. Nimechoka nayo. Uchungu huishia ulimini. Ugali wa muhogo hauna utamu wowote, lakini ukishameng'enywa hugeuka glukosi, sukari ile ile tunayoipima kidoleni. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila wakiamini kinaponya hata kisukari, lakini kisukari hakikuondoka. Miti siidharau: metformini, dawa ya kisukari, ina asili yake katika mmea wa Ulaya uitwao galega, ila kidonge chake kina kipimo kinachojulikana. Mwarobaini huenda ukashusha sukari kidogo, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu kikombe chenu hakina kipimo na mnakinywesha juu ya glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari ambayo Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa waliovuka miaka 60.

Sukari ikianguka chini ya 4 mmol/L, mwili humwaga adrenalini, potasiamu ya damu hushuka, na moyo uliokwisha kukakamazwa na sukari na presha unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo. Umri na kisukari vyenyewe hufanya vyumba vya juu vya moyo vya wengine vitetemeke badala ya kusukuma. Damu hutuama humo, huganda, bonge hukimbilia ubongoni. Kiharusi hicho mtaani mnasema karogwa.

Basi: mzee akitoka jasho, akitetemeka au akianza kuongea yasiyoeleweka, msiseme ni uzee. Mpimeni. Kama anameza, mpeni maji ya sukari papo hapo, kisha mleteni kabla ya dozi inayofuata. Ombeni kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, katika hospitali ya Tumbi au ya wilaya Kisarawe. Ulizeni kama gliklazidi inamfaa zaidi kuliko glibenklamidi. Hesabuni mapigo ya mkononi dakika nzima. Yakienda ovyo, ombeni kipimo cha umeme wa moyo. Mtetemo wa vyumba vya juu ukithibitika, aspirini peke yake haitoshi, daktari afikirie dawa ya kuzuia damu kuganda. Kesi ngumu hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Dawa msiache wala kuongeza wenyewe. Na mje na vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja, pamoja na hiyo chupa ya mwarobaini.