Noeli ya Wafilipino Penye Theluji

Katika ukurasa huu wa Nchi za Jirani tumezoea kusoma habari za Uganda, Kongo na Malawi. Leo nataka kuwaelezeni habari za nchi mbili zilizo mbali nasi, lakini zenyewe kwa zenyewe ni jirani: Ufilipino na Japani. Kutoka Manila, mji mkuu wa Ufilipino, mpaka Tokyo ni kilometa 3,000 hivi. Baadhi ya habari hizi nimezipata vitabuni, na nyingine kwa Padre mmoja Mfilipino anayetufundisha hesabu, ambaye jamaa zake walisafiri kwenda Japani kwa sikukuu ya Noeli.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,600, yenye joto kama la Pwani yetu, minazi, na mashamba ya mpunga. Mlima wao mrefu kuliko yote, Apo, una meta 2,954 tu, wala theluji haianguki huko. Sisi tulio karibu na Ikweta tunayo theluji juu ya Kilimanjaro, nami huitazama kila nipitapo Moshi niendapo nyumbani. Lakini mtoto wa Kifilipino huijua kwa picha tu.

Dini ya Kikristo ilifika huko mwaka 1521, Magellan alipotia nanga na watu wa Cebu wakabatizwa. Leo karibu watu wanane katika kila kumi ni Wakatoliki. Noeli yao si ya siku moja. Tangu tarehe 16 Desemba mpaka tarehe 24, siku tisa mfululizo, watu huamka saa tisa au saa kumi za usiku waende Misa ya alfajiri, iitwayo Simbang Gabi. Desturi hiyo iliwafaa wakulima, ambao iliwapasa kufika shambani kabla jua halijawa kali. Watokapo kanisani hununua bibingka, mkate wa unga wa mchele na tui la nazi, unaookwa kwa moto chini na juu, kama mkate wa kumimina wa kwetu. Madirishani hutundika parol, yaani taa za umbo la nyota zilizoundwa kwa mianzi na karatasi. Na baada ya Misa ya usiku wa Noeli jamaa wote huketi kula pamoja. Chakula hicho huitwa Noche Buena. Vijana huushika mkono wa mzee na kuuweka kwenye paji la uso, kama vile sisi tunavyotoa shikamoo.

Lakini katika nyumba nyingi kiti kimoja ki kitupu, kwa kuwa mamilioni ya Wafilipino wanafanya kazi ng'ambo. Japani ina wazee wengi na vijana wachache, na tangu mwaka 2009 imepokea wauguzi na watunza wazee kutoka Ufilipino kwa mapatano ya serikali mbili hizo. Dada yake Padre ni mmojawapo. Yuko Sapporo, katika kisiwa cha Hokkaido upande wa kaskazini, na kwa miaka mitano hakupata ruhusa ya kwenda kwao wakati wa Noeli. Bibi wa nyumba, yaani mama yake, akasema, "Yusufu na Maria nao walisafiri. Kama mwanangu hawezi kuja, sisi tutakwenda." Wakaweka akiba, wakaomba vibali, wakaazima makoti.

Nchi hizi mbili zimepokeana tangu zamani. Wakristo walipofukuzwa Japani mwaka 1614, bwana mmoja mkubwa, Takayama Ukon, alikimbilia Manila, akafa huko mwaka uliofuata. Naye Lorenzo Ruiz, baba wa watoto watatu kutoka Manila, aliuawa kwa ajili ya imani mjini Nagasaki mwaka 1637. Alitangazwa Mtakatifu mwaka 1987, wa kwanza katika Wafilipino. Bibi yule alilitaja jina lake katika sala zote za safari.

Walisafiri baada ya Misa ya alfajiri ya siku ya tano: bibi, mkwewe na wajukuu wawili. Walipofika Sapporo theluji ilikuwa imewafika watoto magotini. Yafaa tujue sababu yake. Wakati wa baridi upepo mkavu huvuma kutoka Siberia. Ukivuka Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana joto kuliko upepo wenyewe, huchukua mvuke mwingi. Ufikapo penye milima ya Hokkaido hupanda juu, na mvuke ule hugeuka kuwa theluji. Hivyo mji wa Sapporo, wenye watu karibu milioni mbili, huangukiwa kila mwaka na theluji ambayo jumla yake ni karibu meta tano. Katika mwezi wa Desemba jua huchwa mnamo saa kumi za jioni.

Zilibaki alfajiri nne, wala karibu nao hapakuwa na Misa saa hizo. Basi bibi aliitundika dirishani parol aliyoichukua katika mzigo wake, akawaamsha wajukuu saa kumi za usiku, wakasali rozari pamoja na mama yao kabla hajaenda kazini.

Katika Japani Wakristo ni kama mtu mmoja tu katika kila mia, na tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi. Usiku wa Noeli ulipofika, mama yule alipangiwa zamu ya usiku. Watoto wakalia, wakasema, "Tumekuja kumfuata mama, na mama hayupo." Bibi akawapeleka kanisani, wakasali kati ya Wajapani na wageni wa mataifa mengine. Waliporudi, chakula kilikuwa tayari mezani, lakini bibi alikataza mtu yeyote asikiguse.

Mama alirudi saa mbili asubuhi, theluji mabegani. Alikuwa amekesha na wazee ishirini wasio wake. Akamwendea mama yake, akaushika mkono wake, akauweka kwenye paji la uso. Ndipo wakala Noche Buena yao mchana mweupe.

Nilimwuliza Padre, "Na wewe, Padre, ni miaka mingapi hujala Noeli nyumbani?" Akajibu, "Saba," kisha akageukia ubao akaendelea na hesabu.

Tangu siku ile nimewaza sana. Baadhi yenu, wanafunzi wa zamani, mko Ulaya na Kanada, penye theluji kama ile, na mwajua maneno haya kuliko mimi. Nasi tulio hapa shuleni hunung'unika basi linapochelewa siku ya kwenda likizo. Mwaka huu nitakapofika nyumbani, nitamwamkia bibi yangu kabla sijauweka mzigo chini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita